Kabla ya kupiga plasta

Wiki iliyopita tulisema juu ya msingi; leo ni kuta. Wengi wetu tunatamani nyumba ya kisasa: taa ya nje iwake yenyewe giza likiingia, pampu ijizime tangi likijaa, taa za ndani ziitikie simu. Tusingoje mpaka tuhamie. Sisi tulingoja, kisha fundi akachimbua kuta tulizokwisha kupaka rangi, na feza ya likelemba, tuliyowekea minervali ya watoto, ikaishia humo.

Kosa lilikuwa waya mmoja tu. Swichi nyingi za kuongozwa na simu zinataka waya wa buluu, ule mafundi wanaouita netre, kwa sababu zinakula umeme kidogo hata taa ikizimwa. Kwetu uliishia kwenye taa, haukushuka kwenye swichi. Basi muombeni fundi aufikishe katika kila kisanduku cha swichi, tena visanduku virefu kwa ndani, na aache tiyo tupu ukutani. Mpige picha za kuta zote kabla hazijafunikwa.

Tuanze na taa ya nje na tangi, hizo hazidai intaneti. Na kila swichi ibaki na kitufe cha mkono. Koko hana simu.