Msichana Anajinyima Chakula kwa Amri ya Nani?

Saa ya chakula cha mchana katika shule za kutwa hapa Kibaha, si ajabu kuwaona wasichana wawili watatu wamekaa pembeni huku wenzao wakipanga foleni ya makande. Ukiwauliza, watasema wameshiba. Hawajashiba, wanapunguza mwili.

Wazazi wengi huilaumu simu, na hawajakosea sana, maana picha nyingi za Instagram huchaguliwa na kurekebishwa kiuno kabla hazijawekwa. Lakini mimi naona simu huikuta kazi imekwisha kuanzwa. Ameianza shangazi aliyesema mbele ya wageni, "Huyu naye anakuwa bonge." Ameiendeleza mvulana wa dawati la nyuma kwa jina la utani. Na mama mwenyewe amechangia, anapoacha chapati mezani na kunywa maji ya ndimu huku binti akimtazama.

Jamii kuupangia mwili wa msichana si jambo geni. Tazama Kisarawe, wilaya nyingine ya mkoa wetu wa Pwani. Katika mila za Wazaramo, msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani akawa mwali. Alipewa mwana hiti, yaani mwanasesere wa mti, akalishwa vizuri kwa miezi mingi ili atoke amenawiri. Hata leo, mjukuu akienda kwa bibi likizo amekonda, huulizwa kama anaumwa. Basi binti huyohuyo huambiwa apungue akiwa shuleni, na anenepe akiwa kwa bibi! Sitetei kumfungia mtoto ndani asisome. Ila waliomlisha mwali walimwona kila siku, ilhali muuzaji wa chai ya kupunguza mwili hajui hata umri wa mteja wake.

Nyingi ya chai hizo huwa na sanamaki, dawa ya kuharisha. Uzito hushuka kwa sababu maji yametoka mwilini, na mafuta hubaki palepale. Akinywa maji, kilo zinarudi.

Hasara kubwa zaidi iko kwenye damu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu. Msichana hupoteza madini ya chuma kila mwezi kwa hedhi, na maharage ya shule ni sehemu ya kuyarudisha. Akiyaacha, huja uchovu, kizunguzungu na kushindwa kutulia kwenye somo, mambo ambayo darasani huitwa uvivu. Mwezi wa Novemba atakaa na karatasi ya saa tatu akiwa katika hali hiyohiyo.

Wapo waliozidi uzito kweli. Hao waende zahanati wapimwe, wapewe ushauri na mtu aliyesomea. Kwa waliobaki, ningependa mwalimu wa zamu aulize kwa nini sahani haikuchukuliwa, na aulize faraghani, si mbele ya foleni.