Chai ya maziwa: ichemke vizuri, inywewe ikipoa

Juni na Julai, baridi inaposhuka Kibosho, Machame na Marangu, sufuria ya chai hutangulia kila kitu jikoni. Maziwa ya ng'ombe wa bandani, maji kiasi kilekile au pungufu kidogo, majani, sukari, kipande cha tangawizi kilichopondwa. Vyote vinachemka pamoja, chai inapanda na kutulizwa mara mbili tatu, inachujwa na kuingia kwenye chupa. Dakika chache baadaye baba amesimama mlangoni na kikombe kinachofuka mvuke. Anapuliza, anafyonza, anapuliza tena, anamaliza, anawahi gari la mjini.

Mlima huu unajulikana duniani kwa kahawa, na chama cha ushirika cha KNCU kilianzishwa 1933 ili kuiuza. Lakini asubuhi nyumba nyingi hunywa chai, ambayo majani yake hutoka mbali: Usambara, Mufindi, Rungwe. Tena neno lenyewe limekuwa jina la mlo. Muuguzi anayetaka kukutoa damu akikuuliza kama umekunywa chai, anamaanisha kama umekula chochote tangu asubuhi.

Ukikaa kwenye mgahawa wa Moshi mjini utaulizwa swali moja: ya rangi au ya maziwa? Ya rangi ni maji na majani, bila maziwa. Vuka mpaka wa Holili uingie Taveta, utasikia hiyohiyo ikiitwa strungi. Watu wa pwani na Zanzibar wana jina lao, mkandaa, ambalo pia ni jina la mti wa mikoko ambao magome yake hutoa rangi nyekundu ya kahawia. Ukitia iliki, mdalasini na karafuu, ni chai ya viungo. Ukitia mchaichai, majani ya dukani unaweza kuyaacha kabisa. Na chai kavu haihusiani na maziwa hata kidogo: ni chai isiyo na andazi, kiazi wala gimbi pembeni, na anayekaribishwa hivyo huwa ameshaelewa hali ya nyumba.

Majina hayo yanaonekana kuwa mambo ya ladha tu, lakini kwa afya ya koo tofauti ya rangi na maziwa ina uzito. Utafiti uliochapishwa 2015 ulipima joto la chai ya watu 188 mkoani Kilimanjaro, pale tu walipoanza kuinywa. Wastani ulikuwa nyuzijoto 70.6, kiwango kilichozidi vyote vilivyokuwa vimepimwa katika tafiti za awali kwingineko. Waliokunywa chai ya maziwa waliinywa ikiwa na moto zaidi kwa karibu nyuzi 2 kuliko wa chai ya rangi, na sababu kubwa ni kwamba chai ya rangi ilipoa haraka mara mbili. Walipoulizwa kama wamewahi kuungua ulimi, asilimia 70 ya wanywaji wa chai ya maziwa walisema ndiyo. Kwa chai ya rangi walikuwa asilimia 39. Wanaume walianza mapema kidogo na kumaliza kikombe haraka kidogo kuliko wanawake. Baba wa mlangoni hayuko peke yake.

Watafiti walikuwa wakiifuatilia saratani ya umio, yaani njia inayopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Ugonjwa huu huonekana kwa wingi katika ukanda wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia kushuka hadi Afrika Kusini, na Kilimanjaro imo ndani yake. Mwaka 2016 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliweka vinywaji vinavyonywewa vikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani hiyo. Chai yenyewe haikushtakiwa, wala kahawa. Shida ni moto. Utafiti mwingine wa Tanzania na Malawi, uliochapishwa 2022, ulilinganisha wagonjwa na watu wasio na ugonjwa huo, na hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa waliozoea kula na kunywa vya moto sana, haraka, hadi kuungua mdomo. Pombe na tumbaku nazo zina sehemu yao, kwa hiyo mtu asidhani kikombe cha chai pekee kinatosha kumpa mtu saratani.

Hapa ndipo mzazi anaweza kuteleza. Akisikia habari hizi, ataona afadhali asiyachemshe maziwa sana. Hapana. Maziwa mabichi yanaweza kubeba vimelea vya brusela na vya kifua kikuu cha ng'ombe, na kuyachemsha ni ulinzi wa familia nzima. Sufuria iachwe ichemke. Kinachohitaji kubadilika ni muda kati ya chupa na mdomo.

Nyumbani hakuna kipimajoto cha chai, lakini mdomo unajua: chai inayokulazimisha kupuliza na kufyonza kwa sauti bado haijafika. Mimina vikombe vyote kwanza, kisha tafuta soksi za mtoto na daftari lililopotea. Tumia kikombe kipana. Hamisha chai kutoka kikombe kimoja hadi kingine, kama wanavyofanya akina mama wanapompoozea mtoto uji. Ukiweka akiba ya maziwa yaliyochemshwa jana yakapoa, kijiko kikubwa au viwili vya hayo hushusha moto mara moja bila kuharibu ladha. Na anayewahi gari anaweza kuanza na andazi.

Kwa watoto wadogo kuna jambo jingine, na hili haliangalii chai ni ya aina gani. Aliye chini ya miezi 6 hana haja na chai, anahitaji maziwa ya mama tu. Kwa mkubwa wake, chai inayonywewa pamoja na chakula hupunguza madini ya chuma ambayo mwili ungeyapata kwenye maharage na mboga za majani. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta asilimia 58 ya watoto wa Tanzania wenye miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu. Chai si sababu pekee, malaria na minyoo vimo pia, ila kikombe cha maziwa matupu au uji kingemfaa zaidi mtoto huyo. Chupa nayo isikae ukingoni mwa meza; mkono wa mtoto wa mwaka mmoja hufika mbali kuliko unavyodhani.

Kwa wakubwa, dalili ya kutoipuuza ni chakula kukwama. Huanza na ugali au nyama, mtu akashushia maji. Baadaye anahamia mtori, halafu uji, huku nguo zikizidi kumpwaya, na nyumbani wanasema ni vidonda vya tumbo. Anayemeza kwa shida kwa wiki kadhaa apelekwe hospitali mapema, akachunguzwe kooni kwa kamera. Hospitali ya KCMC ipo hapahapa Moshi.

Babu wengine bado humimina chai kwenye kisahani, wakainywa taratibu kutoka humo. Wajukuu huwacheka na kusema ni mambo ya kizamani. Chai ya kisahani hupoa upesi kuliko ya kikombe chochote pale mezani.