UCHAMBUZI: Antena ya kuvaliwa isipopimwa kwa jua la Lodwar haitamfaa mchungaji

MCHUNGAJI anayeondoka viungani mwa Lodwar na mifugo wake huiacha milingoti ya simu nyuma upesi. Akivamiwa na wezi wa mifugo au akiumwa na nyoka, wokovu wake hutegemea miguu ya mwenzake.

Kaunti ya Turkana ina zaidi ya kilomita mraba 68,000, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 926,976 pekee. Kampuni za simu haziwezi kupata faida katika kila bonde. Ndiyo maana matumaini yameelekezwa angani.

Starlink ilizindua huduma zake nchini Julai 2023, lakini sahani yake huhitaji umeme na mahali wazi pa kuiweka. Kwa anayehama kila kukicha, wahandisi ughaibuni wanabuni antena ya kushonwa kwenye nguo.

Vikwazo ni viwili. Kwanza, mvaaji hainami wala halali kwa kufuata setilaiti. Mawimbi ya GPS hushuka yakizunguka mfano wa parafujo. Antena inayopokea mawimbi ya upande mmoja tu hupoteza nusu ya nguvu hizo, ilhali iliyoundwa kwa mawimbi ya mzunguko haiathiriki sana mvaaji akigeuka.

Pili, mwili umejaa maji na hufyonza mawimbi. Wimbi la GPS lina urefu wa sentimita 19 hivi, na bati la kawaida la kuikinga antena hufaa likiwa nyuma yake kwa robo ya urefu huo, karibu sentimita 5. Hakuna atakayevaa sanduku kifuani.

Suluhisho ni metasafesi, yaani tabaka jembamba la vipande vidogo vinavyopitisha umeme, vilivyopangwa kwa utaratibu unaojirudia mithili ya ushanga. Tabaka hilo huwezesha kinga kukaa milimita chache tu nyuma ya antena, na likibuniwa vyema huyafanya mawimbi yazunguke.

Hata hivyo, nguo hukunjwa, huloa jasho na hufuliwa. Kila kunjo laweza kubadili masafa ya antena na kuuharibu mzunguko. Vipimo vya maabara yenye ubaridi havitoshi.

Huko Kakuma, mwendo wa kilomita 120 hivi kutoka Lodwar, kuna suala zito zaidi. Kambi hiyo, iliyofunguliwa 1992, inawahifadhi watu waliokimbia vita. Kipokezi cha GPS husikiliza tu; hatari huanza nguo inapotangaza alipo mvaaji. Ishara inayomwita mwokoaji yaweza pia kumwita adui.

Kwa hivyo, serikali na wafadhili wasisubiri kuletewa bidhaa iliyokamilika. Majaribio yafanyiwe Turkana, wafugaji na wakimbizi wakishirikishwa, na swichi ya kuizima ibaki mkononi mwa mvaaji. Mwenye kiatu ndiye ajuaye kinapombana.