Kampuni si Kinga ya Kodi

Imeenea Dar es Salaam, na kutoka huko ikafika Arusha, Mwanza na Dodoma, itikadi ya kwamba mtaalamu afanyaye kazi za mkataba kwa kujitegemea, awe mtunga programu za kompyuta, mchora ramani za majengo, mfasiri au mshauri wa miradi, ni mtu wa kusikitikiwa maadamu anadai ujira kwa jina lake mwenyewe. Na kwamba aliyeerevuka hukimbilia BRELA, akasajili kampuni yenye hisa zake na za mkewe, akachonga muhuri, na tangu siku hiyo kodi ikampungukia. Nasaha hii hutolewa kwa yakini kubwa na watu ambao aghalabu hawajapata kuikalia chini hesabu yake.

Tuikalie basi. Mchukue mtaalamu aliyetunza daftari zake sawasawa, ambaye, baada ya kutoa gharama zote za kazi, amebakiwa na faida ya shilingi 12,000,000 kwa mwaka, naye hutozwa kodi kwa faida hiyo. Akiwa ni mtu binafsi mkaazi wa Tanzania, shilingi 3,240,000 za mwanzo hazitozwi kitu. Kutoka hapo hadi 6,240,000 hutozwa asilimia 8, kisha 20 hadi 9,120,000, kisha 25 hadi kufikia hizo 12,000,000. Na jumla ya kodi yake ni shilingi 1,536,000. Mtu huyo huyo, kwa kazi ile ile na fedha zile zile, akiziingiza katika kampuni, hapana shilingi ya mwanzo wala ya mwisho itakayosamehewa, kwa sababu kampuni hutozwa asilimia 30 ya faida yake yote, yaani shilingi 3,600,000. Wala hayajesha, kwani zile 8,400,000 zilizosalia si zake bado, ni za kampuni. Na siku atakapotaka kuzitia mfukoni kwa njia ya gawio, hukatwa asilimia 10 nyingine, nazo ni shilingi 840,000. Alhasili, mwerevu wetu amelipa shilingi 4,440,000, karibu mara tatu ya alizokuwa akilipa zamani za ujinga wake.

Wala asitaraji kwamba mambo yatageuka faida ikikua. Mtu binafsi apitaye shilingi 12,000,000 hutozwa asilimia 30 kwa kile kinachozidi, na asilimia 30 ndicho kiwango cha kampuni tangu shilingi ya kwanza. Hapana ngazi hata moja katika jedwali ambapo kiwango cha mtu binafsi hukipita kile cha kampuni. Hili li bayana kwa yeyote ajuaye kusoma tarakimu, na bado washauri wa kodi wa vijiweni hawaachi kuinua kidole na kusema, "Fungua kampuni."

Mjuzi zaidi atanijibu kwamba mwenye kampuni hodari hachukui gawio, bali hujilipa mshahara, na mshahara hutolewa katika faida ya kampuni kabla ya kodi. Ni kweli kabisa. Lakini mshahara huo hutozwa kwa jedwali lile lile la mtu binafsi, sasa kwa sura ya kodi ya mshahara ipelekwayo TRA kila mwezi. Na mwajiri, ambaye ni yeye mwenyewe, sharti apeleke michango ya NSSF na ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, amlipe mkaguzi wa hesabu, na awasilishe BRELA taarifa za kila mwaka. Michango ya NSSF siihesabu kuwa hasara, maana ni akiba ya uzeeni. Mengineyo yote ni safari ya kutoka Kariakoo kwenda Kariakoo kwa kupitia Kibaha.

Husemwa pia kwamba ni kampuni tu iwezayo kutoa gharama za kompyuta, intaneti na safari kabla ya kuhesabu faida. Hasha! Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 humruhusu kila afanyaye biashara, mtu kwa mtu au kampuni, kutoa matumizi aliyoyafanya kwa ajili ya kuzalisha mapato yake, na humdai kila mmoja wao stakabadhi. Na ile kodi ya zuio ya asilimia 5 ambayo wateja huikata katika malipo ya huduma, ambayo wengi hudhani ni adhabu ya kutokuwa na kampuni, hukatwa vile vile kwa kampuni, na pande zote mbili huhesabiwa kuwa malipo ya mwanzo ya kodi ya mwaka.

Itikadi hii ilitoka wapi? Nadhani sehemu yake imesafiri kutoka Uingereza, ambako ilikuwa na mantiki yake: huko kodi ya mapato ya mtu binafsi hupanda hadi asilimia 45, ilhali kodi ya kampuni ilikuwa asilimia 19 kwa miaka kadhaa hadi 2023, na gawio halilipiwi mchango wa bima ya taifa. Wataalamu wa huko walijificha ndani ya kampuni zao kwa wingi hata serikali, tangu Aprili 2000, ikaweka kanuni mahususi za kuwafuatia. Sisi tumeichukua hila bila ya kuwa na sheria iliyoizaa.

Sisemi kampuni haina kazi. Wenye kushirikiana mtaji huihitaji. Mwenye kuogopa madeni ya biashara hupata ndani yake ngao, ijapokuwa benki, kabla ya kutoa mkopo, humtaka mkurugenzi atie dhamana yake binafsi, na ngao ikatoboka. Na ziko zabuni zisizompokea mtu asiye na cheti cha usajili. Hizo ni sababu za haki. Kodi haimo.

Lakini yupo anayenufaika daima na kampuni ya mtu mmoja, naye ni mteja. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, katika kifungu cha 61, humdhania mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitike vingine, ikiwa hata jambo moja tu miongoni mwa kadhaa limepatikana: kwamba saa zake za kazi hupangwa na mwingine, kwamba hupewa zana na huyo mwingine, kwamba humtegemea kwa riziki yake, kwamba amemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Wengi waitwao washauri wa kujitegemea, waingiao ofisini saa mbili asubuhi na kuomba ruhusa ya kwenda msibani, wamo ndani ya maneno hayo barabara, hata mkataba wao ukiitwa jina gani. Anayedai kwa jina lake anaweza kukishika kifungu hicho mkononi. Anayedai kwa jina la kampuni amejiwekea ukuta kati yake na haki hiyo, na ada ya ukuta ameilipa mwenyewe.

Kwa hiyo anayeambiwa na mteja, "Njoo na kampuni, ndipo tukupe mkataba," aelewe kwamba anaombwa kuuza kitu. Akitaka kukiuza, na auze; ila kwanza ahesabu likizo ya siku 28 ambayo hataipata tena kwa malipo, mchango wa NSSF wa upande wa mwajiri, kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, ujira wa mkaguzi wa hesabu, na ile tofauti ya kodi tuliyoipiga hapo juu, avitie vyote katika bei yake, na bei hiyo ikubaliwe kwa maandishi kabla hajagusa fomu za BRELA.