Hawagawani, Wanauza



Juzi nilisahihisha insha ya mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyeandika hivi: “Kampuni za Microsoft na Sony zimeamua kugawana michezo yao ya video, kwa hiyo vita vimekwisha.” Upatanisho wa kisarufi ulikuwa safi na tahajia haikuwa na doa. Hata hivyo, nilipiga mstari mwekundu chini ya neno moja: kugawana. Alikuja mezani kwangu kudai alama yake. “Mwalimu, kosa langu liko wapi?” Kengele ililia kabla sijamaliza kumjibu, na makala haya ndiyo jibu langu kwake na kwako wewe uliyeamini kama yeye.

Unajua kwamba kiambishi -an- cha kauli ya kutendana hakina huruma. Ukisema Asha na Juma wanapendana, umetoa madai mawili kwa mkupuo: Asha anampenda Juma, na Juma anampenda Asha. Ikiwa Juma hana habari, sentensi yako ni ya uongo hata kama kila herufi imekaa mahali pake. Sasa jiulize: katika jambo hili la konsoli, nani anampa nani nini?

Turudi mwanzoni mwa mwaka 2024. Uvumi ulienea kwamba Microsoft, mwenye konsoli ya Xbox, ataipeleka michezo yake kwa hasimu wake Sony, mwenye PlayStation, na kwa Nintendo pia. Majina ya michezo yakatajwa kila siku, mengine ya kweli na mengine ya kubuni. Neno uvumi, ukumbuke, linatokana na kuvuma, kama upepo unavyovuma au nyuki katika mzinga: unasikia mlio kabla hujaona kitu. Mashabiki wa Xbox walilia usaliti, na wapo waliotangaza kuwa watauza konsoli zao. Mashabiki wa PlayStation walishangilia kana kwamba ngome ya adui imeanguka. Wote wawili walitumia methali moja: lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Tarehe 15 Februari mwaka huo mkuu wa michezo wa Microsoft, Phil Spencer, alizungumza. Alithibitisha kwamba michezo minne itavuka, bila kuitaja, na akasema Starfield na Indiana Jones haimo katika minne hiyo. Baadaye minne ikajulikana: Pentiment, Hi-Fi Rush, Grounded na Sea of Thieves. Mashabiki wa Xbox wakapumua. Mwezi Agosti mwaka uleule ikatangazwa kwamba Indiana Jones and the Great Circle itafika PlayStation 5, na mwezi Aprili 2025 ikafika kweli.

Je, Spencer alidanganya? La. Soma kauli yake kama unavyosoma ufahamu wa mtihani. Aliulizwa habari za michezo minne, akajibu kuhusu michezo minne. Hakusema kwamba wa tano hautavuka. Msikilizaji aliyetaka faraja ndiye aliyeongeza neno “kamwe” ambalo msemaji hakulitamka. Kosa hili ninaliona kila muhula darasani, na nimeliona mara nyingi zaidi nyakati za kampeni, mgombea anapoahidi kwamba shule “haitafungwa mwaka huu.”

Tangu hapo mto umetiririka kwa nguvu upande mmoja. Forza Horizon 5 ilifika PlayStation Aprili 2025. Gears of War, mchezo uliokuwa uso wa Xbox kwa karibu miaka ishirini, ulifuata mwezi Agosti. Oktoba 2025 ikatangazwa kwamba hata Halo, ule mchezo ulioizindua Xbox ya kwanza mwaka 2001, utatoka upya mwaka 2026 na PlayStation 5 itakuwa miongoni mwa mashine zake.

Na upande wa pili? MLB The Show, mchezo wa besiboli unaotengenezwa na studio ya Sony yenyewe, ulianza kuuzwa kwenye Xbox mwaka 2021. Helldivers 2, ambao Sony ni mchapishaji wake, ulifika huko Agosti 2025. Lakini God of War, Spider-Man na The Last of Us, zile almasi za taji, Sony amezipeleka kwenye kompyuta tu, wala hajaziweka katika konsoli ya Xbox. Kwa hiyo kiambishi chetu kinachechemea. Mmoja anatoa mizigo kwa magunia, mwingine anarudisha kwa vikombe. Huko si kugawana.

Tena hata neno “kutoa” ni la kumsifu mno Microsoft. Duka la konsoli kwa kawaida humkata mchapishaji asilimia 30 ya bei ya kila mchezo. Microsoft anapouza Forza katika duka la Sony, Sony anachukua fungu lake bila kuandika hata mstari mmoja wa programu, na Microsoft anapata wateja ambao asingewapata kamwe kwa kuwasubiri wahamie kwake. Kuhusu mashine yenyewe, shahidi wa Microsoft aliieleza mahakama ya Marekani mwaka 2021, katika kesi ya Epic dhidi ya Apple, kwamba kampuni haijawahi kupata faida kwa kuuza konsoli ya Xbox. Faida iko katika michezo na usajili. Zaidi ya hayo, kampuni hiyo iliinunua ZeniMax kwa dola bilioni 7.5 mwaka 2021, kisha Activision Blizzard kwa dola bilioni 68.7, ununuzi uliokamilika Oktoba 2023. Mwenye shamba la ukubwa huo hawezi kuuza mavuno yake katika kibanda kimoja. Hakuna siri hapa, wala hakuna urafiki.

Ukitaka kuona jinsi maneno ya hadharani na ya faragha yanavyopishana, kumbuka kesi ya mwaka 2023, serikali ya Marekani ilipojaribu kuuzuia ununuzi wa Activision. Sony alipinga kwa sauti kubwa akisema mchezo wa Call of Duty utafungiwa Xbox. Mahakamani ikaonyeshwa barua pepe ya Jim Ryan, aliyekuwa mkuu wa PlayStation, aliyoiandika siku zile zile ununuzi ulipotangazwa: humo alieleza imani yake kwamba Call of Duty itabaki PlayStation kwa miaka mingi. Shabiki aliyekuwa akigombana mtandaoni usiku kucha kuitetea Sony alikuwa akitetea hofu ambayo bosi mwenyewe hakuwa nayo.

Vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Panzi ni mimi na wewe.

Huenda ukaniambia, “Mwalimu, hata kama ni biashara, mnunuzi si ananufaika? Mwenye PlayStation sasa anaweza kucheza Forza.” Ni kweli, nami nafurahi kwa ajili yake. Mtu asilazimike kununua mashine mbili ili acheze michezo miwili. Lakini usinitake nishangilie kabla sijauliza nani analipa. Hi-Fi Rush ilikuwa mmoja wa ile minne ya mwanzo. Ilitengenezwa Tokyo na studio ya Tango Gameworks, ikasifiwa na wachezaji, ikavuka kwenda PlayStation 5 mwezi Machi 2024. Mwezi Mei, wiki chache tu baadaye, Microsoft akatangaza kuifunga studio hiyo. Januari ya mwaka huohuo alikuwa ameshatangaza kupunguza wafanyakazi 1,900 katika idara yake ya michezo. Kampuni ya Krafton ya Korea Kusini ndiyo iliyoinusuru Tango mwezi Agosti. Basi anayekuambia kwamba kuvuka kwa michezo ni dalili ya neema kwa wote, muulize kama wote hao ni pamoja na wale walioutengeneza mchezo.

Kuna kuvuka kwingine ambako mimi nakuheshimu zaidi, nako hakukuja kwa hisani. Mwaka 2018 mchezo wa Fortnite ulipofika kwenye Nintendo Switch, wachezaji waligundua kwamba akaunti zao zilizowahi kuunganishwa na PlayStation 4 zimefungiwa nje ya mashine ile mpya. Walikasirika, wakaandika, wakalalamika miezi mitatu bila kuchoka. Mwezi Septemba Sony akalegeza kamba, na marafiki wenye konsoli tofauti wakaanza kucheza pamoja. Kiambishi -an- kilipata haki yake: watu walichezeana. (Ndiyo, “walicheza pamoja” ni fasaha zaidi. Niruhusu mara moja.) Hata hapo pazia lilipofunuliwa mwaka 2021 katika ile kesi ya Epic, ilibainika kwamba Sony alikuwa akiwatoza wachapishaji fidia pale ambapo uchezaji wa pamoja ungempunguzia mapato. Daraja lilifunguliwa, na kizuizi cha ushuru kikawekwa katikati.

Sasa nifike mahali panaponichoma. Mchezo ukivuka, ulichonunua wewe hakivuki nao. Aliyelipia Forza Horizon 5 kwenye Xbox mwaka 2021, akihamia PlayStation atailipia upya. Kampuni zinapitisha bidhaa mpakani bila pasipoti. Mnunuzi anazuiwa na kupekuliwa mifuko. Tena neno “nilichonunua” lenyewe ni la kutiliwa shaka. Tangu Januari 2025 sheria ya jimbo la California inayalazimisha maduka ya kidijitali kumweleza mteja waziwazi kwamba anapata leseni tu, au yaache kutumia neno kununua kana kwamba ni kumiliki. Ilibidi bunge litunge sheria ili kitenzi kitumiwe kwa maana yake! Mwaka 2024 kampuni ya Ubisoft ilizima seva za mchezo wake uitwao The Crew, na waliokuwa wameulipia wakabaki na jina kwenye skrini. Hapo ndipo raia wa Ulaya walipoanzisha ombi rasmi la kudai michezo isiuliwe baada ya kuuzwa, wakakusanya saini zaidi ya milioni moja. Hao nawaita wachezaji walioelewa uraia. Waliacha kubishana konsoli ipi ni bora, wakauliza mkataba unasema nini.

Na sisi? Mei 2024 Sony alitaka kila anayecheza Helldivers 2 kwenye kompyuta awe na akaunti ya mtandao wa PlayStation. Mtandao huo haukuwa ukitolewa rasmi katika nchi zaidi ya 170, na Uganda yetu ilikuwa mojawapo. Mchezo ukaondolewa sokoni katika nchi hizo. Wachezaji duniani wakafurika na malalamiko, Sony akaifuta amri ndani ya siku chache, nasi hata hivyo hatukurudishiwa mchezo mara moja. Sikiliza vizuri: tulisahaulika wakati wa kuweka amri, tukasahaulika tena wakati wa kuiondoa.

Lakini PlayStation zipo hapa. Zimo katika vibanda vya mitaa yetu ya Kampala ambamo vijana hulipia mechi moja moja ya mpira, wakishangilia hadi jirani agonge ukuta. Zimo sebuleni mwa baadhi yenu. Akaunti zinazoziendesha zinasema mwenyewe anaishi Afrika Kusini au Marekani. Kijana wa miaka kumi na mitano anafundishwa na fomu ya kampuni kwamba ili aruhusiwe kulipa pesa zake halali, sharti kwanza aikane nchi yake. Kisha kampuni inaweza kumfungia akaunti kwa kosa la kusema uongo. Mimi ni mwalimu. Nikimfundisha mtoto kusema uongo nitaitwa ofisini kwa mkuu wa shule kabla ya mapumziko ya saa nne. Kampuni haiitwi popote, kwa sababu hatujaiita. Wabunge wetu wanajadili kodi ya intaneti kwa moto mkali, lakini sijamsikia mmoja akiuliza kwa nini kijana wetu anauziwa mashine dukani mjini na kukataliwa mlangoni mwa duka lililomo ndani ya mashine hiyohiyo.

Ndiyo maana ile furaha ya “vita vimekwisha” inanikera. Vita vile havikuwa vyetu, na amani hii haikutiwa saini kwa niaba yetu.

Yule mwanafunzi alirudi siku ya pili. Alisoma rasimu ya makala haya akiwa amesimama, akafuta “kugawana” na kuandika “kuuziana wateja.” Nilimrudishia alama yake, na nikamwongezea moja. Kisha akaniambia kwamba anaweka akiba kwa ajili ya Halo itakapotoka kwenye PlayStation ya kaka yake, na akaniuliza, kwa kuwa mimi ndiye ninayesisitiza ukweli, ajaze nchi gani kwenye fomu.

Kengele ililia tena, na safari hii niliifurahia.