Tununue Vipimo vya Labo, Lakini Vipi Kwanza?



Hapa Lubumbashi shaba ni jambo la kila siku. Makamyo yanapita na katodi, zile bamba nyekundu zenye kufungwa kwa mikanda ya chuma. Kule Likasi, kiwanda cha Shituru kilianza kutosha shaba kwa umeme mwaka 1929; Luilu ya Kolwezi ikafuata mwaka 1960. Lakini uliza finalisti wa Sayansi kama alikwisha kupima katodi hata moja kwa mkono wake. Atajibu: "Apana, tuliiandika mu kaye." Kanuni ya Faraday anaijua kwa kichwa sawa Zaburi. Kuiona kwa macho, bado.

Si uvivu wa mwalimu. Vipimo vimezeeka.

Tukamate pili ya Daniell: zinki upande mmoja, shaba upande mwingine. Kitabu kinasema volti 1,1. Sisi tulisoma karibu 0,6, na wengine wakaanza kusema kitabu ni cha bongo. Kitabu hakina kosa. Voltimetre ya sindano inakula umeme kidogo ili sindano itembee, na pili yenye karatasi ya chumvi katikati haina nguvu ya kuilisha. Kama karatasi inazuia kwa ohmi 1.000, na voltimetre nayo ni ya ohmi 1.000, utasoma nusu tu: 0,55. Multimetre ya namba, hata ile ya bei ndogo wanauzisha ku soko karibu na waya na ampuli, kwa kawaida iko na ohmi milioni moja ao zaidi. Basi inasoma sawasawa.

Mizani ni shida kubwa kupita. Pitisha ampere 0,5 kwa dakika 30: Faraday anakupa shaba ya gramu 0,3 hivi. Mizani yetu inahesabu gramu nzima nzima! Mbele na nyuma inasema namba ileile. Mwanafunzi anajifunza nini hapo? Kwamba umeme haukufanya kazi.

Wengine wanasema tungoje msaada wa Ulaya, ao kampuni ya mine itupe labo nzima. Mimi nakataa. Feza ya labo tunailipa kila mwaka. Inunue multimetre moja kwa kila meza, na mizani moja yenye kusoma sehemu ya mia ya gramu. Ampermetre ya zamani tusiitupe: sindano yake darasa lote linaiona toka nyuma. Tuilinganishe na mpya, kisha tubandike kosa lake juu yake. Na SNEL ikikata umeme? Batri ya motoka ya volti 12 pamoja na reostati inatosha.

Watafiti wa Politekniki, pale Université ya Lubumbashi, wanahitaji potensiostati, chombo chenye kushika volti ya elektrodi isitembee. Hiyo ni bei ya wakubwa, wailombe wao. Lakini mtoto mwenye kufika kule bila kugusa elektrodi anaanzia nyuma ya wenzake.

Nasikia kuta za labo zitapakwa rangi mwaka huu. Bwana Prefe, na komite ya wazazi, nawalomba kwa heshima: mizani kwanza, rangi kisha. Na sisi wa humanité tuandike liste ya vipimo vyote vyenye kuharibika, kimoja kimoja. Mwenye kutaka kusaidia anikute mu labo siku ya tano, kisha masomo.