Annika Sörenstam: Msichana aliyeshindwa makusudi ili asishike kipaza sauti

Asubuhi ya Jumatatu, Juni 2, mwaka 2025, nilisoma taarifa fupi katika habari za michezo. Maja Stark, mwanadada wa miaka 25 kutoka Uswidi, au Sweden kama wengi tunavyoiita, alikuwa ameshinda mashindano ya wazi ya gofu ya wanawake ya Marekani, kwenye kiwanja cha Erin Hills jimboni Wisconsin. Zawadi yake ilikuwa dola milioni 2.4, ambazo ni zaidi ya shilingi bilioni sita za Tanzania. Nikaongeza kwamba ni Mswidi wa tatu kutwaa taji hilo. Wa kwanza alikuwa Liselotte Neumann mwaka 1988, kisha akaja Annika Sörenstam, aliyelichukua mara tatu. Nikamalizia kwa kusema kuwa wengi wanamhesabu Annika kuwa mchezaji gofu bora wa kike aliyewahi kutokea.

Hata matangazo ya biashara hayajaisha, ujumbe ukaingia kwenye simu ya studio. Ulitoka kwa mzee mmoja, msikilizaji wetu wa siku nyingi, ambaye ujanani aliwahi kubeba mikoba ya wacheza gofu kule Moshi. Aliandika hivi: "Mtangazaji, huyo Annika si ndiye aliyekwenda kucheza na wanaume akatolewa? Mbona mnamsifu?"

Nilimjibu kwa shikamoo na ahadi kwamba nitaandika. Swali lake si la kupuuza, kwa sababu alichosema ni kweli: alitolewa.

Kwanza mchezo wenyewe

Kwa ambaye hajawahi kuiona gofu: mchezaji hupiga kipira kidogo kigumu kwa fimbo, akakifuata, akapiga tena, mpaka kitumbukie shimoni. Mashimo ni 18. Mshindi ni aliyemaliza kwa mikwaju michache zaidi, kwa hiyo hapa namba ndogo ndiyo nzuri. Mashindano makubwa huchukua siku nne. Baada ya siku mbili kuna mchujo, na walio nyuma hufungasha vitu vyao. Katika mashindano mengi huondoka bila hata senti. Mchezaji wa kulipwa hana mshahara. Nauli, hoteli na malipo ya mbeba mkoba vyote vinamhusu mwenyewe.

Kwetu gofu imebaki kuwa mchezo wa Gymkhana, wa watu wenye magari. Uswidi ni tofauti. Ni nchi ya watu wapatao milioni kumi, theluji hufunika viwanja miezi kadhaa kwa mwaka, lakini wanachama wa vilabu vya gofu wanazidi laki tano. Watoto huanza mapema, na wasichana hawashangazi mtu wakionekana kiwanjani.

Annika alizaliwa Oktoba 1970 na kukulia Bro, karibu na mji mkuu Stockholm. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya kompyuta, mama yake wa benki. Alianza na tenisi, gofu akaishika akiwa na miaka 12. Yeye na mdogo wake Charlotta waligawana seti moja ya fimbo: Annika alichukua zenye namba witiri, Charlotta akachukua zenye namba shufwa. Ukiwa na nusu ya fimbo inabidi ujifunze kuipiga ile uliyonayo kwa nguvu tofauti tofauti. Charlotta naye alikuja kuwa mchezaji wa kulipwa na kushinda taji Marekani.

Alikuwa anakosa shimo kwa makusudi

Annika alikuwa na haya kupita kiasi. Katika mashindano ya vijana, mshindi alitakiwa kusimama mbele ya watu na kusema maneno machache ya shukrani. Yeye aliogopa maneno hayo kuliko alivyoogopa kushindwa. Basi akiona anaongoza na mashimo yamekaribia kwisha, alikuwa anakosea makusudi mipira ya karibu ili amalize wa pili. Mwingine ashike kipaza sauti, yeye arudi nyumbani salama.

Makocha walishtukia. Hawakumkaripia. Walibadilisha tu utaratibu: mshindi na aliyeshika nafasi ya pili wote watazungumza. Annika akapiga hesabu kwamba kama kusimama mbele ya watu hakuepukiki, ni afadhali asimame akiwa mshindi. Makosa ya makusudi yakaisha.

Nimeshika kipaza sauti zaidi ya miaka kumi sasa, tangu nimalize cheti cha utangazaji, na nikiri kwamba habari hii ilinigusa kuliko mataji yote nitakayoyataja hapa chini. Mwaka fulani nilikwenda kurekodi sherehe ya shule moja ya kata mkoani kwetu. Binti aliyeongoza kidato cha nne katika hisabati alikuwepo. Nilipomsogelea na kinasa sauti alirudi nyuma, akaninong'oneza: "Usinitaje redioni." Nikamuuliza kwa nini. Akasema wenzake wa kijijini watasema anajidai. Nikamhoji mvulana aliyeshika nafasi ya pili, akaongea dakika nne bila kukohoa. Sauti yake ndiyo iliyosikika hewani jioni ile. Kila nikisoma habari za makocha wale wa Uswidi nakumbuka kwamba mimi sikubadilisha utaratibu wowote. Niliendelea na ratiba yangu.

Mikwaju 59

Annika alikwenda kusoma Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, na mwaka 1991 akawa bingwa wa vyuo vikuu vya nchi hiyo. Ushindi wake wa kwanza katika ligi ya wanawake ya Marekani, LPGA, ulikuwa mkubwa kuliko wote: mashindano ya wazi ya mwaka 1995, yaleyale aliyokuja kuyashinda Maja Stark miaka 30 baadaye. Mwaka uliofuata akayashinda tena. Hadi anastaafu alikuwa na mataji 72 ya LPGA, kumi kati yake yakiwa ya yale mashindano makuu, na mara nane alikuwa mchezaji bora wa mwaka.

Siku inayotajwa zaidi ni Machi 16, mwaka 2001, mjini Phoenix. Kiwanja kile mchezaji mzuri alitarajiwa kukimaliza kwa mikwaju 72. Katika mashimo manane ya mwanzo, Annika alipunguza mkwaju mmoja kwenye kila shimo, manane mfululizo. Alimaliza kwa mikwaju 59. Hakuna mwanamke mwingine aliyewahi kupiga 59 katika mashindano ya LPGA, hadi naandika haya. Mmoja wa waliokuwa wakicheza naye kundi moja siku hiyo alikuwa Charlotta, mdogo wake wa zile fimbo nusu kwa nusu.

Kocha wa timu ya taifa ya Uswidi, Pia Nilsson, alikuwa akiwafundisha wachezaji wake kuwaza namba 54, yaani kupunguza mkwaju mmoja kwenye kila shimo kati ya yote 18. Hakuna aliyefika huko. Ila ukikua unaambiwa 54 inawezekana, nadhani 59 haikutishi sana.

Siku mbili na wanaume

Sasa tufike kwenye swali la mzee wetu.

Mwaka 2002 Annika alishinda mara 11 katika LPGA. Alikuwa amefanya mazoezi ya kuinua vyuma mpaka mipira yake ikawa inakwenda mbali kuliko zamani, na kwa wanawake wenzake alikuwa amebaki bila mshindani wa kumsukuma kila wiki. Akaalikwa kwenye mashindano ya wanaume ya Colonial, Fort Worth, jimbo la Texas, Mei 2003. Tangu Babe Zaharias mwaka 1945, hakuna mwanamke aliyekuwa amecheza katika ligi ya wanaume ya Marekani. Miaka 58 ilikuwa imepita.

Maneno yalikuwa mengi. Vijay Singh wa Fiji, mmoja wa wachezaji wakubwa wa wakati huo, alisema wazi kwamba mahali pale si pa mwanamke na kwamba alitamani asivuke mchujo. Wengine walilalamika kuwa amechukua nafasi ya mwanamume anayehangaikia mkate wake. Hoja hiyo ya pili sidhani ni ya kudharau, maana nafasi za mwaliko ni chache. Ila nafasi hizo hutolewa na waandaaji kwa wanaowataka wao, na kabla ya hapo walikuwa wakiwapa wanaume bila kelele.

Alhamisi, Mei 22, akasimama mahali pa kuanzia. Waandishi wa habari walikuwa wengi kuliko kawaida ya mashindano yale, na watu wamejipanga pande zote. Yule binti aliyekuwa akikosea makusudi ili asiongee mbele ya wazazi wa kijijini kwao! Alipiga mpira wake wa kwanza, ukaenda katikati kabisa. Kisha akajifanya kuyumba kama mtu aliyelegea magoti, watu wakacheka naye.

Siku ya kwanza alitumia mikwaju 71 kwenye kiwanja kinachotarajiwa 70. Mipira mirefu ilikwenda vizuri, kilichomsumbua ni ile ya karibu na shimo. Siku ya pili ikawa 74. Jumla 145, wakati mstari wa mchujo ulikuwa 141. Akakosa kwa mikwaju minne, akatoka kiwanjani analia. Kati ya wachezaji 111 waliomaliza siku hizo mbili, alifungana na wengine katika nafasi ya 96.

Hapo ndipo wengi walipozima televisheni. Lakini wiki iliyofuata alirudi kwa wanawake wenzake na kushinda mashindano ya Illinois. Wiki iliyofuata hiyo akashinda ubingwa wa LPGA, mojawapo ya yale makuu. Agosti akashinda mashindano ya wazi ya Uingereza, na kukamilisha mataji yote makuu aliyokuwa anayatafuta.

Tukiwa wakweli, Colonial haikuonyesha kwamba mwanamke atawashinda wanaume kwenye gofu. Wanawake wengine wamejaribu baada yake, akiwemo Michelle Wie akiwa bado msichana mdogo na Lexi Thompson mwaka 2023, na hakuna aliyevuka mchujo katika ligi hiyo ya wanaume ya Marekani. Nguvu za mwili zina nafasi yake: mwanamume anapiga mbali zaidi, na shimo linabaki palepale. Annika mwenyewe alisema anataka kujipima. Aliyekwenda kujipima hawezi kuhukumiwa kama aliyekwenda kuchukua kombe. Kwa mtazamo wangu, alichopata ni kwamba baada ya watu wote wale na kamera zote zile, hakuna uwanja wa wanawake uliobaki wa kumtisha.

Hesabu ya fedha

Wapo walioniuliza pia kuhusu dola milioni 2.4. Annika aliposhinda mashindano hayohayo mwaka 1995 alipewa dola 175,000. Neumann, mwaka 1988, alipata dola 70,000. Fedha imepanda kwa sababu watazamaji na wadhamini wameongezeka, na siku mbili za Colonial ziliwafanya watu wasiojua gofu ya wanawake waitazame kwa mara ya kwanza. Hata hivyo, wiki mbili tu baada ya Stark kushinda, mshindi wa mashindano ya wazi ya wanaume ya Marekani, J.J. Spaun, aliondoka na dola milioni 4.3. Mwandalizi wa mashindano yote mawili ni chama kilekile.

Kuondoka, na medali iliyoleta maneno

Mei 2008, siku mbili baada ya kushinda taji lake la 72, Annika alitangaza kwamba mwaka ukiisha anaacha mashindano. Alikuwa na miaka 37. Alitaka familia na shughuli nyingine. Sasa ana watoto wawili, na taasisi yake huandaa mashindano ya wasichana katika nchi mbalimbali. Mwaka 2021, akiwa na miaka 50, alijaribu mashindano ya wazi ya Marekani ya wanawake wakongwe, mumewe akambebea mkoba, akashinda kwa tofauti ya mikwaju minane.

Mwaka huohuo ulianza vibaya kwake. Januari 7, siku moja tu baada ya wafuasi wa Rais Donald Trump kuvamia bunge la Marekani, alikwenda Ikulu ya nchi hiyo kupokea nishani ya juu ya raia kutoka kwa Trump huyohuyo. Ilikuwa imepangwa tangu mwaka uliotangulia na ikaahirishwa kwa sababu ya korona. Alikosolewa sana, hata kwao Uswidi. Mimi naona angeweza kuomba siku nyingine. Mtu aliyejifunza kwa shida kusimama mbele ya watu alikuwa na nafasi ya kujifunza pia siku ya kutosimama.

Niliyaandika haya kwa kifupi na kumtumia mzee wetu kabla ya kuyaweka hapa. Alisoma, akakaa kimya siku mbili, kisha akauliza: "Umesema alikuwa wa 96 kati ya 111?"

Nikamjibu ndiyo, mzee wangu.

"Kwa hiyo wapo wanaume waliomaliza nyuma yake."

Wapo, nikasema.

"Hao mbona hamuwataji?"